Mwiko wa Kopo la Amino

Mayu,

Mwangaluka. Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa jua limeshavuka utosi, lakini asubuhi mkono haukushika kalamu. Masanja yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu barua zangu ulikuwa ukizisoma kwa kuruka mpaka chini, kutafuta kama kuna mgonjwa, ndipo unarudi juu kupokea salamu. Basi la chini nimelileta juu. Mwanao yuko hai, amelala chumbani kwako, na mimi nimekaa mlangoni kwenye kigoda chako, karatasi nimeiegemeza juu ya ungo. Kila nikiandika mistari miwili mitatu nanyamaza nisikilize kama anapumua.

Unanijua. Wewe ndiye uliyewaambia watu kwamba Milembe akisikia mbwa wa hapa Dutwa amebweka, yeye kule Bariadi anatafuta kitenge cha kuendea msibani. Watu walicheka, na mimi nikacheka, ingawa ilikuwa kweli tupu. Sasa hakuna wa kunitania, mama, na woga umepata nafasi ya kukaa na kukunjua miguu.

Ninachosubiri ni mkojo wa Masanja. Usinishangae. Tabibu amesema habari ya figo zake tutaisoma humo. Mkojo ukirudi kuwa mweusi kama chai ya rangi, nimrudishe hospitali kabla jua halijazama, na safari hii huenda wakampeleka Mwanza. Ukiwa safi, hatari imepita. Jana jioni ulikuwa bado kahawia. Tangu alfajiri ya leo amekunywa maji, amekunywa uji, na hajatoa kitu. Nimemwekea kopo jeupe chini ya kitanda, maana tabibu alisema chombo kiwe cheupe ili rangi isinidanganye, na humu ndani chombo cheupe ni hicho kimoja tu. Hilo kopo ndilo lililotufikisha hapa, nitakueleza.

Uliondoka wakati wa kupanda, pamba haijachomoza. Ilichomoza, ilichanua, tumeivuna bila wewe. Ungeona sasa inavyonunuliwa ungeshika kiuno. Zamani tulilala foleni kwenye ghala la ushirika, tukamwamkia mpima mizani kama vile tunaposa kwake. Siku hizi kuna wanunuzi binafsi watatu pale senta, kila mmoja na mizani yake chini ya turubai, na wao ndio wanaotuamkia sisi. Baba hapendi. Anasema mtu anayekubembeleza umuuzie ana lake moyoni. Na Sitta, yule kijana aliyekuwa akiuza chumvi na viberiti juu ya meza, sasa ana duka la bati lenye rafu mpaka juu. Unakumbuka wakati ule wa shida tulivyokata mche wa sabuni kwa uzi ili kila nyumba ipate kipande? Kwa Sitta sabuni zimejaa, za kila rangi, na nikipita nazinusa kwa niaba yako.

Mmoja wa wanunuzi hao ndiye aliyetangaza mbio za baiskeli. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi na kurudi, kwa baiskeli hizi hizi zetu za kubebea pamba, zisizo na gia. Mshindi atapewa dume la ng'ombe. Masanja aliposikia alikuja mpaka mjini, akanikuta kwenye cherehani, akaniambia kwamba dume hilo ni la kwako. Kaburi lako bado ni tuta la udongo na mawe, mama. Tulikubaliana tutalijengea baada ya mavuno, na Masanja akaapa kwamba siku hiyo watu hawatakula maharage ya kukopa, watakula nyama aliyoishinda kwa miguu yake. Nilimwona macho yake. Nikajua hapo hakuna wa kumzuia, na nikaanza kuogopa siku ile ile.

Wewe ulijua kumwendesha yule. Alipokuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli kila asubuhi, hakuna siku aliyotoka na njaa. Michembe, vile viazi vyako vya kukausha, uliyoipika na karanga za kutwanga, na kibuyu cha maziwa mgando ukikitikisa hata kabla hajanawa uso. Akisema amechelewa ulimshikia usukani. "Baiskeli ndiyo isiyokula. Wewe kula." Alikula amesimama, mguu mmoja kwenye pedali, nawe umeshika usukani kama unamshika ndama.

Alianza mazoezi. Asubuhi shambani, jioni barabarani. Miguu ikamkaza mpaka akawa anapanda kitandani kwa kuivuta na mikono, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Ndipo Sitta akamwambia kwamba katika mzigo wake wa Mwanza kuna kitu cha wanamichezo, kimetoka Nairobi, na huko kimetoka mbali zaidi. Kopo kubwa jeupe lenye karatasi nyekundu na picha ya mtu mwenye kifua kipana kama mlango wa godauni. Maandishi yote Kiingereza. Sitta anakijua Kiingereza cha kuuzia, akasoma alipoweza: ni unga wa amino, wa kuondoa uchovu wa misuli, ili mtu aende mbali bila kuchoka. Masanja akampa yule jogoo wetu wa shingo tupu, akaondoka na kopo.

Na nisiwe mwongo. Mwanzoni unga ulimsaidia, au yeye alisema umemsaidia. Alikuwa anakoroga kijiko kwenye maji, anakunywa akikunja uso, na baada ya siku chache alikuja mjini akinionyesha misuli ya miguu yake na kunitaka niibonyeze. Akasema haiumi tena kama zamani. Wenzake wa mazoezi wakaanza kumwomba awaonjeshe. Hata mimi nililigeuza lile kopo mikononi nikasema moyoni, pengine dunia imepiga hatua na woga wangu umebaki nyuma.

Sasa Baba. Usimkasirikie, maana amekwisha kujikasirikia mwenyewe vya kutosha. Tangu uondoke huwa haongei, anakaa kwenye lile jiwe la kunolea akiangalia zizi. Lakini kopo lilimwamsha. Alilinusa, akalirudisha, akamuuliza Masanja swali moja: mgilo wake nini?

Unamjua mumeo. Wakati wa ngoma za mavuno, alipokuwa anacheza kwenye kundi lake, hakula mlenda msimu mzima, ati ushindi utateleza. Na wewe ulikuwa ukijipikia mlenda kila siku, unauvuta juu na tonge mbele yake taratibu, mpaka anahama kwenda kula nje. Kwake dawa na mwiko ni kitu kimoja. Masanja akajibu kwamba hajaambiwa mwiko wowote. Baba akatikisa kichwa. "Dawa isiyo na mgilo ni unga tu," alisema, "rudi kwa aliyekupa, kuna neno amekuficha."

Akarudi dukani. Na Sitta, badala ya kusema hakuna, akaona mteja ataondoka na imani yake. Amenieleza yeye mwenyewe, amekaa kwenye benchi la hospitali, kofia ameikunja mkononi. Alijifanya anasoma karatasi nyekundu, akasema: maziwa. Usinywe maziwa. Nilimuuliza kwa nini maziwa, katika vitu vyote. Akasema kwa sababu yeye mwenyewe maziwa humsumbua tumbo, na ndiyo yaliyomjia.

Mwiko ukishapata mlango hauingii peke yake. Masanja aliwaambia wenzake, na mmoja akasema kama maziwa ni mwiko basi karanga lazima, maana zina mafuta kama maziwa. Wakamuuliza Sitta, Sitta akakubali. Mwingine akasema choroko na dengu na maharage hujaza upepo na kuifanya miguu mizito. Sitta akakubali. Nyama hawakuwa nayo hata hivyo. Mwishowe akatokea aliyesema kwamba mtu asinywe maji barabarani, maji yatausafisha unga kabla haujashika kwenye misuli. Hilo hata Sitta hakuulizwa. Jioni hawakuingoja tena; wakawa wanatoka Dutwa saa sita ya mchana, kwenda Lamadi na kurudi, midomo imekauka, kila mmoja akimchunga mwenzake asivunje mwiko.

Baba alifurahi. Alisema sasa hiyo ni dawa.

Mimi nilijua nusu tu ya hayo. Nilikuja Jumapili moja baada ya ibada, nimemletea karanga mbichi, akazisukuma kwa kiganja bila kuniangalia. Uso ulikuwa umechongoka, mashavu yameingia. Nikamuuliza anakula nini. Ugali na mboga za majani, akasema, na amino. Nilirudi mjini roho juu juu, nikamshonea mteja gauni mikono yote miwili ya upande mmoja.

Alianguka siku ya soko. Alirudi kutoka Lamadi, akafika mbele ya duka la Sitta, akashindwa kushuka. Watu wanasema alisimamisha baiskeli, akabaki ameikalia, kisha wakalala chini wote wawili, yeye na baiskeli. Misuli ya miguu ilikuwa migumu kama mbao, ukiigusa anapiga kelele. Mmoja wa wanunuzi wa pamba akashusha marobota yake kwenye pikapu, akampandisha yeye. Njiani aliomba kukojoa, na Baba aliyekuwa amemshikilia akaona kilichotoka. Walipofika hospitali ya Bariadi, Baba ndiye aliyeulizwa. Alinyoosha kidole tu kwenye suruali ya mwanawe.

Nilikuja mbio kutoka kwenye cherehani na sindano bado imechomekwa kifuani. Nilimkuta na dripu. Mama, alikuwa amelala kama ulivyolala wewe, ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu. Nilitoka nje nikajishika kwenye nguzo ya veranda, nikakuita kwa sauti, mpaka mama mmoja mwenye mgonjwa wake akanishika bega akaniambia nikae.

Tabibu ni mwanamke mgeni, Kisukuma hajui, na hana maneno mengi ya kupoza. Aliomba aletewe kopo. Akasoma karatasi yote, mbele na nyuma, akatuita mimi na Baba. Akasema hii si sumu. Akasema mtu akila maharage, maziwa, karanga, nyama, tumbo linavivunja vyakula hivyo mpaka vinakuwa vipande vidogo sana, na vipande hivyo ndivyo vinaitwa asidi amino. Mwili unavichukua na kujengea misuli, hasa ile iliyochakaa kwa kazi. Humu koponi wameweka baadhi ya vipande vikiwa vimeshavunjwa tayari. Wapo wanaosema vinapunguza maumivu baada ya mazoezi, wapo wanaosema tofauti ni ndogo, na yeye hawezi kutuapia. Lakini wanamichezo wa huko wanakula kwanza, wanashiba, wanakunywa maji, ndipo wanaongeza hiki kijiko. Akatuuliza Masanja alikuwa anakula nini.

Nilimtajia, halafu, Baba akinikumbusha, nikamtajia na miiko, mmoja mmoja. Alivua miwani. Akasema: "Kwa hiyo mmemkataza kila chakula chenye kitu kile kile mlichokwenda kukinunua."

Baba aliniuliza kasema nini. Nikamfasiria kwa Kisukuma, polepole, na nilipofika mwisho nilimwona mzee anakaa chini sakafuni, si kwenye benchi. Tabibu akaendelea kwamba misuli imefanya kazi kupita kiasi, juani, bila maji na bila chakula, ikaanza kujivunja yenyewe, na uchafu wake ndio umekwenda kuziba figo. Sasa ni maji, chakula na kupumzika. Mbio zisahauliwe.

Ungefikiri basi yameisha. Nesi akaleta kikombe cha maziwa, Masanja akageukia ukutani. Nikamweleza yote aliyosema tabibu. Akasema amesikia. Akasema kuvunja mgilo mtu akiwa mgonjwa ndiko kunakoua. Tabibu akaja mwenyewe, akamwambia kwa ukali kidogo kwamba hakuna mwiko wowote kwenye ile karatasi. Masanja akamjibu kwa heshima kwamba yeye daktari hakuwepo ulipowekwa. Maji alikubali, maana yalikuwa mwiko wa barabarani tu, na hapa hakuna barabara. Chakula hapana.

Baba ndiye aliyeinuka. Hakumbishia. Alisema aliyeufunga ndiye anayeufungua, akavaa kofia, akaenda stendi. Alirudi mchana na Sitta. Sijui alimwambia nini njiani, lakini Sitta alikuwa amenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa. Alisimama miguuni pa kitanda, wagonjwa wote wa wodi wameinua shingo, akasema mwiko ule haukuwamo koponi, ameutoa kichwani mwake, na kwa kuwa ni yeye aliyeuweka anauondoa wote, wa maziwa, wa karanga, wa choroko, na ule wa maji ambao hata si wake. Akachukua kikombe cha maziwa, akatia kijiko cha amino, akakoroga, akanywa mbele yetu. Baba akajaza maji mdomoni akayapuliza kwenye miguu ya Masanja, kulia na kushoto, akitaja jina la babu na jina lako. Shuka likalowa. Tabibu alikuwa mlangoni. Alisema tu kwamba shuka hilo tutalifua wenyewe.

Nikamletea Masanja maziwa mengine. Akayashika. Akayatazama. Akanirudishia.

Hapo, mayu, ndipo nilipoogopa kweli kweli. Mpaka hapo nilikuwa na kitu cha kulaumu. Kopo, Sitta, Baba, jua. Sasa mwiko umefunguliwa mbele ya mashahidi na mtoto bado hali. Nilikaa pembeni ya kitanda. Baba alimsindikiza Sitta nje. Ndipo Masanja akasema, macho yakiwa darini:

"Dada, mimi nilifurahi niliposikia karanga ni mwiko."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tangu umezikwa, kila akionja michembe haishuki. Akiona kibuyu cha maziwa kimening'inia pale, anaona mkono wako unakitikisa. Alikuwa anakula ili Baba asiulize, halafu anakwenda nyuma ya zizi anatapika. Sitta aliposema maziwa, yeye alipumua. Waliposema karanga, alishukuru. Hakuna tena atakayemuuliza kwa nini hali, kwa kuwa ni mwiko, na mwiko hauulizwi. Unga ule haukuwa na ladha ya mtu yeyote.

Niliyaficha machozi kwa kukunja shuka lile lililolowa. Mimi mwenyewe, mama, tangu msiba sijapika kwenye chungu chako. Kila nikija nyumbani napika kwenye sufuria niliyotoka nayo mjini, na chungu nakiacha juu ya kichanja kimefunikwa. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza wote watatu, kila mtu na njia yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jana wakamruhusu. Wodi imejaa, wanalala wawili wawili, na mkojo ulikuwa umeanza kupungua weusi. Tabibu akaniita kando akanipa yale masharti ya rangi niliyokuambia juu. Tulifika nyumbani jioni. Nikamlaza, nikatoka, nikakishusha chungu. Kulikuwa na buibui ndani na harufu ya moshi wako. Nikakiosha. Nikapika michembe, nikatwanga karanga kwenye kinu chako, mchi ukanigonga kidole. Baba alisikia kinu kikilia, akaja akasimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi. Hakuingia mpaka nilipomwambia apite.

Masanja alichukua tonge la kwanza akakaa nalo mdomoni. Mimi na Baba tuliangalia pembeni, kila mtu upande wake, kama watu wanaomsubiri mwizi. Akameza. Tukangoja. Akasema, "Dada, chumvi imezidi. Mama alikuwa anatia kidogo." Halafu akalia, akala huku analia, akamaliza bakuli, na chakula hakikurudi. Chumvi ilizidi kweli. Nilipoonja mwenyewe nilishangaa amewezaje.

Na leo ndiyo siku ya mbio.

Nilikuwa nimeacha kuandika kidogo, kulikuwa na filimbi na watoto wanakimbilia barabarani. Waendesha baiskeli wamekwenda Lamadi na sasa ndio wanarudi. Niliogopa Masanja asije akainuka akadai baiskeli yake, na kweli ameinuka. Ametembea mwenyewe, akijishika ukutani, mpaka hapa mlangoni. Nikamfuata nyuma na mikono wazi kama anayefundisha mtoto kutembea, akaniambia niache. Kutoka hapa barabara inaonekana vizuri. Wamepita watano wamekaribiana, mbele kabisa ni mwenzake mmoja wa mazoezi, yule aliyeleta habari ya choroko. Mbele ya duka Sitta amepanga ndoo za maji na vikombe, na tangu asubuhi anamkamata kila aliyewahi kuonja lile kopo, anamwapia kwamba miiko imekufa, anywe. Nimewaona wawili wakinywa, wa tatu akajimwagia kichwani akaendelea.

Masanja alisimama mpaka vumbi likatua. Kisha akasema, "Basi dume la mama limekwenda." Nikamwambia kwamba wewe, mayu, nyama hukuipenda sana, ulikuwa unamgawia yeye vipande vyako. Akatabasamu kidogo, nusu ya mdomo. Akageuka, akaomba kopo.

Nimesubiri nje ya mlango, mama, nimefumba macho. Nimesikia sauti ikigonga plastiki, ikagonga muda mrefu. Ikakoma. Akaniita, nikaingia. Nimelibeba lile kopo mpaka uani kwenye mwanga, nikaliinamisha. Nimeangalia mara ya kwanza nikadhani macho yamenidanganya, nikalizungusha.

Safi. Safi kama maji ya kwanza ya kuoshea choroko, umanjano kidogo tu, chini naona alama za kiwanda zilizochapwa kwenye plastiki. Nimekimbia nalo mpaka kwenye jiwe la Baba. Kuna mtu alikuwa anapita kutoka kutazama mbio, akaniona mwanamke mzima ninamwonyesha baba yangu kopo la mkojo huku ninalia, akabadilisha njia. Baba alichungulia ndani kwa muda mrefu. Akasema, "Wabeja." Hakutaja anamshukuru nani, na mimi sikumuuliza.

Sijaacha kuogopa. Tabibu anataka tumrudishe wiki ijayo amwangalie, na mimi mpaka siku hiyo nitakuwa naamka kusikiliza pumzi. Hiyo ndiyo tabia uliyoniachia. Lakini sasa hivi anakula tena, namsikia anakwangua chungu.

Pumzika, mayu. Kaburi tutalijengea kabla ya mvua, dume liwepo lisiwepo. Nimeshasema na Baba, na ameafiki. Watu watakula michembe ya karanga na maziwa mgando, nitapika mimi, kwenye chungu chako, na Masanja ndiye atakayeonja chumvi kabla sijapakua.

Mwanao,
Milembe